Sheria, Mwamba na Sahihi ya Mjiolojia

TANGU mwaka 1976, mashine za kuchoronga za mradi wa Umoja wa Mataifa zilipofika Kabanga, wananchi wa Wilaya ya Ngara wamekuwa wakiambiwa kwamba chini ya ardhi yao imelala nikeli. Waliokuwa watoto siku hizo sasa ni wazee wenye wajukuu. Mradi ule ulimaliza kazi yake mwaka 1979. Mwaka 1990 ikaja kampuni ya Sutton Resources ya Canada. Mwaka 1999 Sutton ikanunuliwa na Barrick. Mwaka 2005 Barrick ikaungana na Falconbridge, ambayo mwaka uliofuata ilimezwa na Xstrata, nayo Xstrata mwaka 2013 ikaingia tumboni mwa Glencore. Kila aliyekuja alikuja na wataalamu wake wa miamba, akachoronga, akaandika taarifa, akafunga mizigo yake.

Jambo la kuzingatia katika historia hiyo ndefu ni hili: mpaka leseni kubwa ya uchimbaji ilipotolewa mwezi Oktoba 2021, kilichokuwa kikinunuliwa na kuuzwa katika masoko ya dunia kwa jina la Kabanga kilikuwa habari za nikeli. Nikeli yenyewe ilikuwa bado imelala mahali pake. Watu walipeana mamilioni ya dola kwa sababu ya karatasi, na karatasi zile zilikuwa na thamani kwa sababu mjiolojia fulani alikuwa ametia sahihi yake chini.

Wengi wetu hudhani kwamba biashara ya madini huanza pale sururu inapogonga mwamba. Sivyo. Huanza pale mtaalamu anapoandika kwamba mahali fulani, katika kina fulani, pana madini ya kiasi fulani na ya ubora fulani. Kabla ya maandishi hayo, mlima ni mlima na shamba ni shamba. Baada yake panazaliwa mpaka wa leseni, mkopo wa benki, hisa, hesabu ya kodi, na orodha ya watu watakaohamishwa. Kwa hiyo taifa linalotaka kuwa na kauli juu ya madini yake halina budi kuuliza maswali matatu juu ya kila taarifa: Nani aliyesema? Amesema kwa idhini gani? Na akikosea kwa uzembe, au akidanganya kwa makusudi, atajibu mbele ya nani?

Maswali hayo ni ya sheria kabla ya kuwa ya sayansi. Mwamba haubadiliki kwa amri ya Bunge, lakini kazi ya mwenye kuusoma mwamba hubadilika. Historia ya nchi yetu inaonyesha kwamba kila tulipoandika sheria mpya ya madini tulimfanya mjiolojia kuwa mtu mwingine: tulimbadilishia bwana, tukambadilishia mwenye kumiliki maarifa yake, tukambadilishia hata maana ya ukweli anaotakiwa kuusema.

Tuanze na wakati wa ukoloni. Idara ya Jiolojia ilianzishwa mwaka 1925, na makao yake yakawa Dodoma. Mwaka 1929 ikatungwa Sheria ya Madini ya Tanganyika. Mjiolojia wa siku hizo alikuwa mtumishi wa Gavana. Alitembea kwa miguu, akapima, akachora ramani ambazo, tukiwa wakweli, zilikuwa kazi nzuri mno na zimewasaidia wengi waliomfuata. Lakini mwananchi wetu katika msafara ule alibeba sanduku la mawe. Kalamu haikuwa mkononi mwake. Sheria ilimlinda mwenye leseni, na mwenye leseni hakuwa mkulima wa Biharamulo wala wa Ngara. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Canada, alipoipata almasi ya Mwadui, maarifa yake yaligeuka kuwa milki yake, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyotaka iwe.

Baada ya Uhuru mambo yaligeuzwa. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, liliundwa mwaka 1972. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha jiolojia katika miaka hiyo hiyo ya sabini. Sheria ya Madini ya mwaka 1979 ikatamka kwamba madini yote ni ya Jamhuri ya Muungano. Mjiolojia wa Kitanzania akawa mtumishi wa umma, na alichokiona ardhini kikawa mali ya umma. Msingi huo ulikuwa sahihi, na haukupaswa kutupwa. Kasoro yake ilikuwa katika uwezo. Kuchoronga ni kazi ya gharama kubwa, na mashine, vipuri, mafuta na maabara vilihitaji fedha za kigeni wakati ambao Taifa lilikuwa halina fedha hizo. Tulikuwa na sheria iliyosema mali ni yetu na wataalamu walioapa kututumikia, lakini hatukuwa na nyenzo ya kufika mita mia tano chini ya ardhi tukajionee wenyewe.

Ndipo ikaja Sheria ya mwaka 1998. Serikali ilijiondoa katika utafutaji na uchimbaji, ikabaki kuwa msimamizi na mtoza mrabaha. Kazi ya kutafuta ikaachwa kwa makampuni. Hatuwezi kusema kwamba hapakuwa na manufaa. Mgodi wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, North Mara mwaka 2002, na hapa kwetu Biharamulo mgodi wa Tulawaka mwaka 2005. Vijana wengi waliotoka vyuoni walipata kazi na wakajifunza mbinu za kisasa ambazo wasingeziona katika ofisi ya serikali iliyokosa hata gari. Lakini mabadiliko makubwa yalikuwa mengine. Mjiolojia alihama kutoka utumishi wa umma akawa mwajiriwa wa kampuni. Taarifa yake ilikuwa siri ya kampuni kwanza, na msomaji wake mkuu alikuwa mnunuzi wa hisa katika Toronto au London.

Sheria hiyo ya 1998 ndiyo iliyoleta pia leseni ya kuhodhi eneo. Maana yake ilikuwa kwamba kampuni iliyokwisha kugundua madini, lakini ikaona kwamba bei au gharama haziruhusu kuchimba kwa faida, iliruhusiwa kulishika eneo na kungoja. Kabanga ilishikwa kwa leseni ya namna hiyo. Hapa msomaji aangalie jinsi kifungu kimoja cha sheria kinavyoweza kuigeuza kazi ya kitaalamu. Chini ya leseni ya uchimbaji, mjiolojia anaulizwa: tutaanzia wapi? Chini ya leseni ya kuhodhi anaulizwa: waweza kuthibitisha kwamba bado haifai kuanza? Mwamba ni ule ule na mtaalamu ni yule yule, ila sheria imebadilisha swali, na anayebadilisha swali amekwisha kuligusa jibu.

Mfano wa Tulawaka unalieleza jambo hili kwa wazi zaidi. Mwaka 2013 wenye mgodi waliamua kuufunga, na ukakabidhiwa kwa STAMICO, ambayo iliuendesha kupitia kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Je, dhahabu ilikuwa imekwisha ama haikuwa imekwisha? Jibu ni kwamba katika lugha ya wajiolojia kuna vitu viwili vinavyofanana kwa masikio ya mtu wa kawaida. Kuna madini yaliyomo ardhini kwa makadirio, na kuna sehemu ya madini hayo inayoweza kuchimbwa kwa faida. Ya pili hutegemea bei ya soko, gharama ya dizeli na umeme, mishahara, na kiasi cha faida anachokitaka mwenye mtaji. Kampuni kubwa yenye wanahisa ng'ambo huweza kusema kwa haki kabisa kwamba mgodi umekwisha, na shirika la umma likasema kwa haki vile vile kwamba mgodi bado upo. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Lakini mwananchi wa Biharamulo anayesikia tangazo la kufungwa kwa mgodi, na kijana anayepoteza kibarua siku hiyo, wana haki ya kujua ni hesabu ya nani iliyotumika. Haki hiyo haina nguvu kama hakuna mtaalamu aliyefungwa na sheria kuieleza hesabu hiyo kwa uwazi.

Mwaka 2017 Taifa zima lilipata somo hili kwa kishindo. Mwezi Machi mwaka huo Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wa makinikia, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma, ambaye mwenyewe ni mjiolojia, ilitoa matokeo yake: wastani wa dhahabu katika makinikia hayo ni gramu 1,400 kwa tani. Nyaraka za kusafirishia zilionyesha takriban gramu 200. Kampuni ya Acacia ilizikataa takwimu za kamati. Mwezi Juni kamati ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ilitoa yake kuhusu upande wa uchumi na sheria. Mgogoro ulimalizwa kwa mapatano na Barrick, yaliyotiwa sahihi mwezi Januari 2020, na kampuni ya Twiga ikaundwa ambamo Serikali ina hisa asilimia 16.

Hatuandiki leo kufufua ubishi wa nani alisema kweli. Tunauliza jambo lililotangulia ubishi ule. Iliwezekanaje nchi iliyokwisha kuchimba dhahabu kwa makampuni makubwa karibu miaka ishirini isiwe na takwimu moja ambayo pande zote mbili zingelazimika kuiheshimu? Wapimaji walikuwepo, na maabara zilikuwepo. Wakala wa kukagua madini alikuwa ameundwa tangu mwaka 2009, na akavunjwa katika mageuzi ya mwaka ule ule wa 2017. Kilichokosekana ni mtaalamu ambaye sahihi yake inafungwa na sheria ya nchi hii, ambaye akisema uongo atanyang'anywa kalamu, na akisema kweli hakuna mwajiri wala mkubwa wa ofisi anayeweza kumtisha. Mahali pasipo na mtu wa namna hiyo, kila upande huleta mtaalamu wake, na sayansi hugeuka kuwa mabishano ya mashabiki wa mpira.

Sheria zilizofuata zilifanya mengi. Bunge lilipitisha mwaka huo sheria ya mamlaka ya kudumu ya wananchi juu ya utajiri na maliasili, na nyingine ya kuruhusu kupitiwa upya kwa mikataba yenye masharti hasi. Sheria ya Madini ya 2010 ilirekebishwa: Serikali ikapata hisa zisizopungua asilimia 16 bila ya kuzilipia, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, Tume ya Madini ikaundwa, na Taasisi ya Jiolojia ya Dodoma ikapewa kazi ya kutunza hazina ya taifa ya takwimu za madini. Ikatamkwa kwamba takwimu zinazopatikana chini ya leseni ni mali ya Serikali. Mwezi Januari 2018 zikaja kanuni, zikiwamo zile zinazodai makampuni yawe na mpango wa kuwarithisha Watanzania nafasi za kitaalamu zinazoshikwa na wageni. Na leseni za kuhodhi maeneo zikafutwa zote, ya Kabanga ikiwa miongoni mwake.

Ufutaji huo ulirudisha ardhi mikononi mwa Taifa, na bila ya hatua ile huenda Kabanga ingeendelea kungoja. Lakini ulikuwa na gharama, na gazeti lenye kuheshimu wasomaji wake halifichi gharama. Kule Ntaka Hill, Nachingwea, ambako pia kuna nikeli, wenye leseni iliyofutwa walikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mwezi Julai 2023 baraza la usuluhishi liliamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109, na mwaka 2024 shauri likamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 90. Sheria inayokata kwa haraka huweza kumkata hata aliyeshika mpini.

Na kuna funzo la pili, ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko la fedha. Leseni ya Kabanga ilirudi serikalini kwa mstari mmoja wa kanuni. Maarifa ya Kabanga hayakurudi kwa njia hiyo. Mwezi Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni mpya, na ikaundwa Tembo Nickel, Serikali ikiwa na asilimia 16. Mwaka huo huo kampuni hiyo mpya ilibidi ielewane na Barrick na Glencore ili ipate kazi yote ya uchunguzi iliyofanywa hapo zamani: mamia ya kilomita za mashimo ya kuchoronga, vipimo vya maabara, ramani na hesabu. Tulichukua ardhi kwa sheria, lakini maarifa juu ya ardhi hiyo yalipatikana kwa mapatano ya biashara baina ya wageni na wageni. Hapo ndipo tunapoona kwamba kumiliki jiwe bila ya kumiliki habari za jiwe ni nusu ya umilikaji.

Sasa tutazame ni nani anayetia sahihi juu ya Kabanga. Kampuni mama ya mradi, Lifezone Metals, iliandikishwa katika soko la hisa la New York mwezi Julai 2023. Kwa sababu hiyo takwimu za nikeli ya Ngara hutolewa kwa masharti ya Marekani. Masharti hayo yanadai kwamba taarifa iandaliwe na mtaalamu mwenye sifa: awe na uzoefu usiopungua miaka mitano katika aina ile ya madini, na awe mwanachama wa chombo cha kitaalamu kinachotambulika, chenye uwezo wa kumtia adabu mwanachama wake, hata kumsimamisha au kumfukuza.

Masharti hayo yalitokana na maumivu ya watu. Mwaka 1969 na 1970 kampuni ya Poseidon ya Australia ilitangaza kuwa imepata nikeli, na hisa zake zikapanda kutoka chini ya dola moja hadi dola 280, kisha zikaporomoka na watu wengi wakabaki na karatasi. Kutokana na msiba ule Waaustralia waliunda kamati mwaka 1971, ambayo hatimaye ilitoa kanuni kamili za kutangaza madini mwaka 1989. Mwaka 1997 ulimwengu uligundua kwamba dhahabu ya Busang, Indonesia, iliyotangazwa na kampuni ya Bre-X ya Canada, haikuwapo kabisa: sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka kwingineko. Miaka minne baadaye, mwaka 2001, Canada ikaweka sharti kwamba taarifa za namna hiyo ziandaliwe na mtaalamu mwenye sifa ambaye jina lake litajulikana. Wenzetu waliona kwamba kuisimamia kampuni hakutoshi. Yapasa kumsimamia mtu.

Lakini kanuni zile zimetungwa kumlinda mnunuzi wa hisa wa New York, Toronto na Sydney. Hakuna ubaya katika hilo. Kila nchi hulinda watu wake. Ubaya ni kwetu sisi, tukidhani kwamba ulinzi wa mnunuzi wa hisa ni ulinzi wa mkulima wa migomba na maharage wa Ngara pia. Mkulima huyo hana hisa. Alichonacho ni shamba, na mstari uliochorwa na mjiolojia ndio unaoamua kama shamba hilo limo ndani ya eneo la mgodi ama liko nje. Anapoambiwa nyumba yake inathaminiwa, anapongoja fidia, anaposita kupanda mibuni mipya kwa kuwa hajui kama atakuwapo kuivuna, maisha yake yamefungwa na taarifa ambayo hajaisoma, iliyotiwa sahihi na mtu asiyemjua, chini ya sheria ya nchi ya mbali.

Na mjiolojia wa Kitanzania je? Anaweza kuwa amefanya kazi Kabanga au Biharamulo kwa miaka kumi na tano, akaujua mwamba kama mvuvi wa Ziwa Viktoria anavyoyajua mawimbi. Lakini kama hana uanachama katika chombo kinachotambuliwa na masoko hayo, atakusanya takwimu, ataandika rasimu, na mwisho atampisha mgeni aliyekuja kwa wiki mbili atie sahihi. Wapo wenzetu waliokwisha kujiunga na vyombo vya Australia na Afrika Kusini kwa sababu hiyo, na tunawapongeza. Lakini si sifa kwa nchi yenye Idara ya Jiolojia iliyokwisha kutimiza miaka mia kwamba mtaalamu wake lazima aazime heshima ng'ambo ili aaminiwe juu ya mlima wa nyumbani kwao. Kanuni za kurithishana nafasi zinaweza kumpa kiti, ila kiti bila ya haki ya kutia sahihi ni ukarani.

Jirani zetu wa Kenya walitunga Sheria ya Usajili wa Wajiolojia mwaka 1993. Hapa Tanzania wahandisi walipata sheria yao ya usajili tangu mwaka 1968, na ikaandikwa upya mwaka 1997. Daraja likianguka, tunajua pa kumwuliza mhandisi. Wajiolojia wetu, pamoja na uzito wote wa kazi yao, walikaa kwa miongo mingi wakiwa na chama cha hiari tu, huku wakiomba chombo chenye meno ya kisheria.

Wako watakaosema kwamba bodi za usajili ni mlango mwingine wa kutoza ada, na kwamba zinaweza kuwa kilabu cha wazee kinachowafungia vijana nje. Hofu hiyo si ya bure. Tumeziona bodi ambazo kazi yake kubwa ni kutoa risiti. Wengine watasema kwamba kuongeza sharti jipya ni kumchelewesha mwekezaji. Kwa hawa wa pili jibu ni fupi: mwekezaji huyo huyo anatii sharti hilo katika Australia na Canada bila ya kulalamika, na hataona tabu kulitii Kagera. Kwa wale wa kwanza tunajibu kwamba wana haki ya kudai chombo cha namna gani, na sisi tunaungana nao kudai.

Kwanza, jina la mjiolojia liandikwe juu ya kila taarifa ya makadirio inayopelekwa serikalini, naye awe amesajiliwa hapa nchini, hata kama ni mgeni. Akithibitika kudanganya, afutwe, na kufutwa kwake kutangazwe.

Pili, sheria imlinde anayesema kweli. Mwajiriwa anayetakiwa na bwana wake kupunguza kiwango ili kodi ipungue, au kukiongeza ili hisa zipande, awe na mahali pa kukimbilia, na asifukuzwe kwa kukataa. Ulinzi huo uwe hivyo hivyo kwa mtumishi wa serikali anayeambiwa alete takwimu inayompendeza mkubwa. Ukweli wa mwamba hauna upande, na anayeutunza ameshika amana ya watu wote.

Tatu, vipande vya mwamba vinavyotolewa na mashine za kuchoronga, pamoja na vipimo vyake, viwekwe katika hazina ya Taifa tangu siku ya kwanza, bila ya kungoja leseni ifutwe au kampuni iuzwe. Sheria ya 2017 imekwisha kusema maarifa hayo ni yetu. Sasa yahitaji maghala, watunzaji, na wakaguzi wanaokwenda kuhesabu masanduku. Kwa kauli ya Wizara ya Madini yenyewe, ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa kina kwa ndege wakati lengo la kufikia asilimia 50 ifikapo mwaka 2030 lilipotangazwa. Nchi yenye maarifa machache kiasi hicho haiwezi kumudu kuyapoteza hata yale iliyokwisha kuyapata.

Nne, na hili ndilo linalotugusa zaidi sisi wa Nemba na vijiji vya jirani, sheria imfikishe mjiolojia kwa mchimbaji mdogo. Leseni ndogo ya uchimbaji imetengwa kwa ajili ya Mtanzania, na ni vyema. Lakini mwenye leseni hiyo mara nyingi huchimba duara lake kwa kubahatisha, akiongozwa na fununu na ndoto, akatumbukiza akiba ya miaka mitano katika shimo lisilo na kitu, au akalichimba katika udongo ambao mtaalamu angemwambia kwa dakika kumi kwamba utaporomoka. Wahandisi wahitimu wana utaratibu wa kufanya mazoezi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Utaratibu kama huo kwa wajiolojia vijana ungeweza kuweka sharti la kutumika mwaka mmoja katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi, wakizunguka kwa wachimbaji wadogo wa Biharamulo, Ngara na kwingineko. Kijana angepata uzoefu, mchimbaji angepata ushauri, na Taifa lingepata ramani ya mahali ambapo wananchi wake wanachimba.

Tano, tutazame ng'ambo ya mpaka. Mwamba wenye nikeli wa Kabanga unaendelea hadi Musongati nchini Burundi. Haukuomba ruhusa ya forodha. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kuwa na makubaliano ya kutambuliana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Wajiolojia wa nchi zetu wakiwa na bodi zenye nguvu wataweza nao kutambuliana, na kwa pamoja kudai masoko makubwa ya hisa yaiheshimu sahihi ya Mwafrika wa Mashariki kama yanavyoiheshimu ya Mwaustralia.

Dunia sasa inaitafuta nikeli kwa ajili ya betri za magari, na bei yake imepanda na kushuka kwa namna ambayo hakuna kijiji kinachoweza kuitabiri. Makampuni yatakuja na mengine yataondoka, kama yalivyofanya tangu 1990. Hatuna mamlaka juu ya bei ya London. Mamlaka tuliyonayo ni juu ya sheria zetu wenyewe, na juu ya mtu mmoja ambaye bila ya yeye hakuna leseni, hakuna mkopo wala mgodi. Wabunge wa mkoa huu, watakapoletewa muswada wowote unaomhusu mjiolojia, wausome kifungu kwa kifungu na waulize kwa niaba ya mkulima wa Ngara na mchimbaji wa Biharamulo: mtu huyu akiandika uongo juu ya ardhi yetu, ni nani hapa nchini atakayemwita, na lini?